Swali la Tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kilichokushika tulipoonana kwa mama kimekwisha, au bado kinakusumbua ukitoka majini? Na wale wanafunzi wako wadogo wa kuogelea, yule anayelia kila akiona maji amekubali kushuka ngazi? Mimi huku sijambo, kwa maana ya kwamba natembea na nakula. Kazini tupo tupo tu. Wiki hii karakana imepokea mataya kumi na mawili ya plasta ya kutengenezewa meno ya bandia, na mikono yangu inanuka nta kuanzia asubuhi mpaka naingia kulala. Mengine ya kwangu utayasoma humu humu.

Najua utashangaa kuletewa barua na mtu ambaye namba yake ya simu unayo. Lakini simu zangu hupokei, leo siku ya kumi, na sikulaumu. Maneno niliyokurushia siku ile, hata mimi nisingepokea. Uliniomba jambo moja tu, nije nikushike mkono siku ya upasuaji wako Alhamisi. Nami nikakujibu kwamba mtu anayekwenda kuchomwa macho ili apendeze asisumbue watu na mikono yao. Ukakata simu. Ningekuwa wewe ningekata na undugu.

Basi barua hii nimempa dereva wetu, yule tunayemwita Breki, anayepeleka meno kwa madaktari wa huko kwenu kila Jumanne. Nimemwambia asimwachie mlinzi wa bwawa, asimwachie mama, akukabidhi mwenyewe mkononi. Nakuomba kitu kimoja: isome mpaka mwisho, na usikubali mtu yeyote aguse macho yako kabla hujaimaliza. Kuna jambo humu linalohusu uende Alhamisi au usiende. Nimejaribu kuanza nalo mara tano na mara zote tano nimechana karatasi, kwa hiyo niache nilifikie polepole. Ukishindwa kuvumilia, ruka uende mwisho. Wewe hukuwahi kuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe.

Unaikumbuka Jumapili ile kwa mama ulipotutangazia? Tulikuwa tumemaliza kula, mjomba anachokonoa meno, wewe ukasimama, ukavua miwani, ukaiweka katikati ya meza kama mtu anayerudisha funguo za nyumba aliyokuwa amepanga. Ukasema bwawa jipya wanakutaka uwe mkuu wa waokoaji, ila sharti lao ni kwamba anayekaa kwenye kile kiti kirefu aone sakafu ya bwawa bila miwani, na zile lenzi za kuvaa ndani ya jicho zinakuwasha kwa sababu ya dawa ya maji. Kwa hiyo umeamua kufanyiwa leza, na tarehe umeshapewa. Mama akaruka kutoka kwenye kiti kana kwamba umeposwa. Mjomba akasema familia hii imepata jasiri. Mimi nikasema hongera. Nililitoa hilo neno kwa shida, sijui kama uliona. Nadhani hukuona, maana ulikuwa umevua miwani.

Sasa nikuambie nilichokuwa nacho moyoni. Miaka minne, mdogo wangu, nilikuwa nasoma habari za leza. Ni mimi niliyekuambia mara ya kwanza kwamba kitu hicho kipo, siku ile tunaosha vyombo. Nilikuwa na daftari maalumu. Niliandika maswali ndani yake: je, umri wa miaka arobaini na moja si mkubwa mno? Je, nikishatibiwa nitaendelea kuona jino ninalolichonga nikiwa nimelisogeza karibu na pua, kama ninavyofanya sasa nikivua miwani? Je, mtu ambaye namba ya miwani yake inabadilika kila mwaka anafaa? Nilikuwa natafakari, napima, najiuliza. Halafu wewe, mtoto wa juzi, ukaamua kati ya kunawa mikono na chai, na ukapigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nikalitupa daftari lile kwenye pipa, nikalitoa, nikalitupa tena.

Hilo halikuanza Jumapili ile, wala usidhani ni miwani tu. Mimi macho yangu yaligunduliwa nikiwa na miaka tisa. Kabla ya hapo nilikuwa mvivu, mzito, mtoto asiyesikia. Mwalimu alinikalisha nyuma kwa sababu ya urefu wangu, nikawa nanakili kutoka kwenye daftari la jirani kwa sababu ubaoni sikuona kitu, na nikasimamishwa pembeni kwa wizi wa majibu. Wewe ulikunja jicho mara moja mbele ya televisheni, mara moja tu, na kesho yake asubuhi mama alikuwa hospitalini amekubeba. Walijua dalili kwa sababu walishajifunza kwangu. Mimi ndiye niliyefyeka njia, wewe ukapita umevaa viatu safi.

Halafu yale majina. Lenzi zetu zilikuwa nene sawasawa, fremu ya kahawia ile ile, duka lile lile. Mimi nilirudi shuleni nikaitwa Chupa. Wewe ukaitwa Profesa. Hebu niambie nani aligawa majina yale, nimtafute. Hata leo mama akiwa na wageni husema, yule Profesa wangu anafundisha kuogelea, na huyu mwingine anatengeneza meno. Huyu mwingine! Nilipopasuliwa kidole tumbo, mama alikuja asubuhi akaondoka saa tisa kwa sababu alikuwa ameanika nguo. Kwa ajili ya macho yako amefunga begi la wiki mbili. Nimeambiwa amefika kwako tangu juzi na tayari amehamisha vyombo vyako jikoni. Pole kwa hilo, ila usitegemee nikuonee huruma.

Basi kesho yake baada ya Jumapili ile nikajisemea, hapana, safari hii siwi wa pili. Nikapanga nitangulie. Nitafanyiwa leza kabla yako, kimya kimya, halafu nitaingia sebuleni kwa mama bila miwani, nimuulize mbona umebadilisha mapazia, niyataje na rangi zake. Nilijiona kabisa nikisema maneno hayo. Nikamwambia bosi wangu naumwa jino. Mtu anayefanya kazi kwenye karakana ya meno kusema anaumwa jino ni uongo wa kijinga, alitaka kunichungulia mwenyewe, lakini aliniachia.

Hospitali ya macho niliyokwenda ni jengo la ghorofa mbili lenye viti vya plastiki ambavyo vinanatana na mapaja. Muuguzi alinitia matone mpaka nikawa naona herufi zimevimba. Akaniweka kidevu juu ya mashine, akaniambia nitazame katikati ya miduara ya mwanga nisipepese. Nilikaa kama nimepigwa msumari. Alirudia mara tatu jicho la kushoto. Mara ya tatu akamwita daktari, na mimi, mjinga wa mwisho, nikafikiri ninasifiwa kwa kutulia.

Daktari ni mama mfupi, mkali wa sauti, na anavaa miwani. Nikamuuliza hapo hapo, kama leza ni nzuri hivyo mbona yeye bado ana vioo usoni. Alicheka sana. Akaniambia ana miaka hamsini na tatu, na macho yake ya mbali ni mabovu lakini ya karibu ni mazuri, akivua miwani anachomoa kibanzi kwenye kidole cha mjukuu. Akifanyiwa leza atapata mbali na kupoteza karibu, atakuwa amebadilisha miwani kwa miwani. Akasema watu wengi huja wakidhani leza ni zawadi ya mtu aliyejitahidi, kumbe ni suala la jicho lenyewe, linafaa au halifai, na jicho halijui nani amengoja muda mrefu. Nilijua hakunilenga, lakini nilijikuta nimeinamisha kichwa.

Kisha akageuza skrini nione ramani ya jicho langu. Ni ramani kweli, imepakwa rangi: buluu pembeni, kijani, manjano, na chini kidogo ya katikati doa jekundu. Nikafikiri jekundu ndipo watakapopiga leza. Akasema hapana, hapo ndipo konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kimekuwa chembamba na kuanza kuchomoza, kama suruali ya zamani inavyochomoza magotini. Ndiyo maana namba yangu ilikuwa inabadilika kila mwaka, nami nikawa nagombana na fundi miwani wa watu bure. Leza inafanya kazi kwa kuichonga konea, akasema, na ukichonga kitu ambacho kimeshakuwa chembamba, kinaachia. Ameshapokea watu waliofanyiwa kwingine bila kupimwa vizuri. Waliingia na miwani, sasa hakuna miwani inayowasaidia, wanangoja konea ya mtu aliyefariki. Akaniambia kwangu jibu ni hapana, leo na siku zote. Ipo tiba ya kuikaza konea isizidi kuchomoza, unatiwa matone na kumulikwa taa, lakini miwani nitabaki nayo. Na niache kufikicha macho. Mimi, ninayeshinda kwenye vumbi la plasta, niache kufikicha macho.

Nilitoka pale nikakaa kwenye kile kiti kinachonata, na unajua nilichofikiria? Sikufikiria macho yangu. Nilifikiria kwamba wewe utaweza. Kwamba Alhamisi utalala kitandani dakika chache, utaamka, utaona saa ukutani, mama atalia, na mimi nitabaki huyu mwingine mwenye vioo. Hata ugonjwa nimepewa mimi. Niliona wivu. Sikumwambia mtu. Wiki ile kazini nikapanga jino la chonge la kushoto upande wa kulia kwenye taya la bwana mmoja, mpaka likarudishwa na daktari wake akiuliza kama tunatengeneza meno ya binadamu au ya mnyama gani.

Mama naye hakunisaidia. Alinipigia kuniambia nikutumie ile miwani yangu ya jua, eti baada ya upasuaji mwanga utakuumiza, na mimi siihitaji kwa kuwa muda wote niko ndani. Akaniambia pia amepata fremu kubwa ya picha, anataka tupigwe picha mpya ya familia wewe ukiwa na uso wazi. Nikamuuliza na mimi nikae wapi kwenye hiyo picha. Akasema popote, mbona unauliza maswali ya ajabu. Miwani ya jua sikuituma, kama uliona. Nilimwambia imevunjika. Haijavunjika.

Sasa nimefika pale ambapo nimekuwa nachana karatasi.

Unaikumbuka siku uliyonipigia ukiwa na fomu ya kliniki mkononi? Sasa yapata wiki tatu. Ulikuwa umekaa kando ya bwawa, nasikia maji yanaruka na mtu anapuliza filimbi. Ulikuwa unanisomea maswali moja moja na kuyajibu kwa mzaha. La tatu lilikuuliza kama una mimba, ukasema labda ya klorini. La sita, kisukari, ukasema hapana. La nane, kama unavumilia kulala chali bila kusogea, ukasema kazi yako ni kuwafundisha watu kuelea. Ulikuwa na furaha, sijakusikia hivyo siku nyingi. Kisha ukafika la tisa: je, kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa konea? Ukasema mama hajui konea ni nini, akili yake inajua ugonjwa wa trakoma tu, kwa hiyo unaniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye ninayesoma mambo haya.

Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu ya kazi. Droo ilikuwa wazi. Chini ya kisanduku cha magego ilikuwapo karatasi ya daktari yenye ramani yangu na doa lake jekundu. Nikakuambia hakuna. Nikakuambia andika hapana.

Ukaandika. Nilisikia kalamu, au labda najitungia. Ukanishukuru, ukasema dada, sijui ningefanya nini bila wewe.

Na haikuwa kwamba sikuelewa maana ya swali lile, usije ukanitafutia udhuru. Daktari yule alikuwa ameniuliza, kabla sijainuka kwenye kiti chake, kama nina ndugu wa kuzaliwa naye. Nikasema ninaye mmoja, wa kike. Akauliza kama anavaa miwani, nikasema anavaa. Akauliza kama anafikicha macho, nikasema anashinda kwenye bwawa, anafikicha kunishinda mimi. Akaacha kuandika. Akaniambia ugonjwa huu hupita ndani ya familia, na kwa mtu wa umri wako unaweza kuwa bado umejificha, kipimo cha haraka kikaupita bila kuuona, kwa hiyo daktari atakayekupima lazima aambiwe ili atafute kwa makini. Akauliza kama una mpango wa leza. Nikamwambia sijui. Akaniandikia karatasi ya pili, ya kukupa wewe umpelekee daktari wako. Karatasi hiyo ilikaa kwenye droo yangu chini ya magego ya watu siku zote hizo. Nimeiambatanisha hapa pamoja na ramani. Madoa meupe ni plasta, usihangaike nayo.

Nilijiambia watakupima tu wenyewe, wana mashine zao. Nilijiambia wewe ni mzima, wewe una bahati, lini wewe ukapata kitu kibaya ambacho mimi ninacho? Hayo nilijiambia mchana. Lakini ukinishika na kunitaka ukweli, nitakupa huu: nilitaka na wewe ukwame. Sikutaka upofuke, naapa kwa roho yangu, sikuwahi kufika huko. Nilitaka mambo yako yaharibike kidogo tu. Urudi kwenye miwani, kile kiti kirefu akikalie mwingine, mama apige ile picha yake na sote wawili tumevaa vioo. Kidogo tu. Kana kwamba mtu anaweza kuiambia leza iharibu kidogo.

Na hata hapo nisingeandika, labda. Nakuambia ili unijue vizuri. Jana, Jumatatu, nilirudi kwa daktari kupangiwa siku ya ile tiba ya kuikaza konea. Alipofungua faili langu, swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu wewe. Akauliza kama mdogo wangu nimemwambia. Nikasema ndiyo, nimemwambia. Lilitoka lenyewe, sijui hata lilipita wapi. Akaandika kwenye faili, ndugu ameshaarifiwa. Halafu akavua miwani yake, akanitazama, akaniambia nimefanya jambo la maana sana, kwamba wengi huona aibu wakanyamaza, na kwamba mdogo wangu ana bahati kuwa na dada kama mimi.

Maisha yangu yote nimengoja mtu aseme hivyo. Kwamba wewe ndiye mwenye bahati ya kuwa na mimi. Na neno hilo nimelipata kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilitoka nje. Nikapiga simu kwenye kliniki yako palepale barabarani. Msichana aliyepokea alikuwa mpole, akasema majibu ya fomu hayabadilishwi na mtu mwingine, hata awe dada, lazima mgonjwa mwenyewe. Nikakupigia wewe, hukupokea. Ningeweza kumpigia mama, lakini mama angekuambia habari ya konea tu. Asingekuambia habari ya lile jibu langu, kwa sababu hata yeye nisingemwambia, najijua. Nilitaka uyapate yote mawili kutoka kwangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii nenda kliniki na karatasi hizi mbili. Waambie swali la tisa jibu lake ni ndiyo, dada yako wa tumbo moja anao. Waambie wakupime konea zote mbili, taratibu, na usivae lenzi za ndani kabla ya kipimo kwa siku watakazokuambia, maana zinaweza kudanganya mashine. Wakikuambia wasogeze Alhamisi, kubali. Watu wa bwawa wakiuliza, waambie ni kosa langu, na kama wanataka niwaandikie, nitawaandikia.

Ukikutwa mzima, utafanyiwa, na mimi nitaona wivu. Nakuambia mapema ili usije ukafikiri barua hii imenitakasa. Nitaona wivu siku utakapokaa kwenye kile kiti, na siku mama atakapoitundika picha. Lakini sitafanya kitu. Nitauona peke yangu na kuendelea na kazi.

Na ukikutwa nao, mdogo wangu, kile kiti umekikosa, na miwani utaivaa mpaka uzeeni kama mimi. Hapo ndipo ninapojiogopa. Naogopa kwamba siku utakayoniambia, kabla sijakulilia, kabla sijasema pole, kitu cha kwanza kitakachonipitia moyoni kitakuwa furaha. Itakuwa ndogo na itapita upesi, lakini nitajua ilikuwapo. Ukinipigia siku hiyo na ukasikia nimenyamaza kidogo kabla ya kujibu, utajua kwa nini nimenyamaza.

Sikuombi unisamehe. Nipe lolote lingine, lakini msamaha usinipe mpaka uwe umeshapimwa, kwa sababu ukinipa sasa nitaupokea na kulala usingizi, na sistahili kulala kabla yako. Breki nimemwambia akungoje mpaka umalize kusoma. Huna haja ya kunijibu. Mwambie tu kwamba umesoma, atanipigia. Ikifika kesho saa sita mchana sijapata simu yake, nitampigia mama na kumwambia kila kitu, pamoja na lile jibu nililokupa.

Nisalimie mama. Mwambie nitampigia Ijumaa, na mwambie aviache vyombo vyako mahali ulipoviweka. Wasalimie wanafunzi wako wote, hasa yule anayeogopa maji. Jitunze, kula vizuri, kikohozi hicho kitafutie dawa, na tafadhali, macho yakikuwasha, usiyafikiche.

Ni mimi, dada yako.